MFADHILI AKIONDOKA, KISIMA NI CHA NANI?



Siku moja nilikwenda kutembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bariadi. Nilifika saa tisa alasiri. Ubao upo, chaki ipo, mwalimu yupo. Wanafunzi hawapo.

Mwalimu akaniambia, "Wamekwenda mtoni kuchimba maji mchangani. Pampu imeharibika. Huu ni mwezi wa nne sasa."

Nikaenda kuiangalia hiyo pampu. Ni hatua kama mia mbili tu kutoka darasani. Mpini umening'inia. Nyasi zimeota pembeni. Karibu yake kuna kibao kinachosema kwamba kisima kile kilijengwa kwa msaada wa wafadhili kutoka nje. Maandishi yameanza kufutika.

Jioni akina mama wakarudi na ndoo zao kichwani. Tukakaa chini ya mti. Baba mmoja mzee akasema, "Mwalimu, sisi tumeandika barua kwa wafadhili. Tunasubiri jibu."

Mama mmoja, ambaye wote hapo humwita Mayu kwa heshima, akauliza, "Je, wasiporudi?"

Watu wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Ndilo lililonifanya niandike makala haya. Misaada hii ya nchi za nje ni kitu gani? Inatoka wapi? Kwa nini wakati mwingine inasaidia na wakati mwingine inaacha kibao tu?

MISAADA NI NINI?

Tukisema "misaada ya nje" tunachanganya vitu vingi. Tuvitenganishe, kama tunavyotenganisha pamba safi na pamba fifi.

Kwanza, kuna ruzuku. Hii ni fedha au vitu vinavyotolewa bila kurudishwa.

Pili, kuna mkopo. Huu hurudishwa. Mara nyingi una riba. Ikiwa riba ni ndogo na muda wa kulipa ni mrefu, huitwa mkopo wa masharti nafuu. Lakini ni mkopo tu.

Tatu, kuna wataalamu. Nchi inaleta madaktari, mainjinia au walimu.

Nne, kuna chakula cha njaa. Wazee wetu wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka ng'ambo wakati wa njaa. Watu waliuita "Yanga" kwa sababu ya rangi yake.

Kwa hiyo ukisikia "tumepata msaada," uliza kwanza: ni ruzuku au ni mkopo? Ni swali dogo, lakini ni la mtu aliyesoma.

FEDHA HIZO ZINATOKA WAPI?

Wengine hudhani kwamba Ulaya kuna mti unaozaa fedha. Hapana. Fedha za misaada nyingi ni kodi za watu wa kule. Mvuvi wa Norway analipa kodi. Dereva wa basi wa Ujerumani analipa kodi. Serikali yao inatenga sehemu ndogo ya kodi hiyo kwa ajili ya nchi nyingine.

Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo. Kila nchi tajiri itoe asilimia 0.7 ya pato lake. Yaani katika kila shilingi 100 itoe senti 70. Si shilingi moja kamili. Hata hivyo, nchi zilizofikia lengo hilo ni chache. Miongoni mwao ni Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg. Nyingi hazijafika mpaka leo.

Basi tukumbuke mambo mawili. Fedha hizo zimetolewa jasho na watu, kwa hiyo kuzila ni dhambi mara mbili. Na tena, watu hao wana serikali yao na uchaguzi wao. Wakiamua kupunguza, watapunguza. Hawatatuuliza sisi.

KWA NINI WANATOA?

Wengine hutoa kwa huruma na utu. Hilo ni kweli, tusilikatae. Lakini nchi si mtu. Nchi hutazama faida yake pia. Inataka marafiki. Inataka soko la bidhaa zake. Inataka nchi nyingine zikubali maoni yake.

Historia yetu wenyewe inatufundisha. Mwezi Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Sababu ilikuwa Rhodesia, nchi inayoitwa Zimbabwe leo. Walowezi wachache walijitangazia uhuru ili waendelee kuwatawala Waafrika, na Uingereza haikuwaondoa. Tulipovunja uhusiano, mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa ukasimamishwa. Tulichagua utu, tukakosa fedha.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena baadaye. Mwezi Machi 2016 shirika la Marekani liitwalo MCC lilifuta mpango wa kuipa Tanzania dola milioni 472 hivi. Fedha hizo zilikuwa za umeme. Marekani ilisema haikuridhika na uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na matumizi ya sheria ya makosa ya mtandao. Uwe unakubaliana nao au hukubaliani, somo ni hilo hilo: mwenye fedha ndiye anayeweka masharti.

Jambo hili viongozi wetu waliliona mapema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje kunaweza kuhatarisha uhuru wa nchi. Likasema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Halikusema tukatae misaada. Lilisema tusiifanye kuwa nguzo ya nyumba.

MKOPO SI ZAWADI

Hebu tuchukue daftari tupige hesabu.

Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 17 hivi. Katikati ya mwaka huo huo Serikali yetu ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ya shilingi ikashushwa. Dola moja ikawa shilingi 40.

Sasa tuseme nchi ilikuwa inadaiwa dola 100. Mwezi Januari deni hilo lilihitaji shilingi 1,700. Miezi michache baadaye lilihitaji shilingi 4,000. Deni halikuongezwa hata dola moja. Lakini kwa shilingi limepanda zaidi ya mara mbili! Hiyo ndiyo hatari ya kukopa kwa fedha ya mwenzako.

Je, mikopo yote ni mibaya? La. Tazama reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Ina urefu wa kilometa 1,860. Nchi za Magharibi zilikataa kuijenga, zikidai haitakuwa na faida. China ikakubali. Ilitoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970 na njia ikakamilika mwaka 1975. Reli hiyo iliisaidia Zambia kupata njia ya bahari bila kupita kwa walowezi wa kusini. Hata hivyo, miaka iliyofuata reli ilikosa matengenezo ya kutosha na mizigo ikapungua. Kwa hiyo mambo ni mawili. Kujenga ni kazi moja, kutunza ni kazi nyingine.

Wakati mwingine deni huzidi uwezo. Mpaka miaka ya 1990 nchi yetu ilikuwa inalipa madeni huku shule na zahanati zinakosa fedha. Mwezi Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake. Mwaka huo huo ada ya shule za msingi iliondolewa. Watoto wengi wakamiminika shuleni, hata madarasa yakajaa pomoni. Wewe unayesoma makala haya, huenda mwanao ni mmoja wao.

VISIMA VYA SHINYANGA

Turudi kwenye kisima chetu. Kabla ya Machi 2012 hapakuwa na Mkoa wa Simiyu. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani, si zaidi ya mita 400. Kazi ilikuwa kubwa kuliko mfuko wetu. Basi nchi rafiki zikagawana mikoa. Sweden ilisaidia Mwanza, Mara na Kagera. Finland ilisaidia Mtwara na Lindi. Denmark ilisaidia Iringa, Mbeya na Ruvuma. Norway ilisaidia Kigoma na Rukwa. Uholanzi ilikuja kwetu Shinyanga.

Kati ya mwaka 1974 na 1978 Waholanzi na mafundi wetu walichimba mamia ya visima vifupi mkoani. Walitumia vifaa vya kuchimbia kwa mkono. Wakaweka pampu za mkono juu yake. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ya akili, maana haikuhitaji mitambo mikubwa wala dizeli. Watu wengi walikunywa maji safi kwa mara ya kwanza.

Lakini mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Kwa nini?

Sababu moja ni kwamba maji ya vijijini yalikuwa bure. Jambo la bure ni tamu, lakini pampu hula mpira, hula nati, hula grisi. Fedha ya vipuri ilitegemewa itoke Serikalini au kwa mfadhili. Serikali ilipopungukiwa, pampu zikanyamaza.

Sababu ya pili ni kwamba wanakijiji wengi hawakuulizwa. Kisima kilipangwa ofisini. Mwananchi aliamka asubuhi akakikuta. Kitu usichokipanga, hata kikiharibika unasema, "Cha kwao kimeharibika."

Sababu ya tatu ni kwamba kila mfadhili alikuja na aina yake ya pampu. Kipuri cha pampu hii hakikuingia katika pampu ile. Fundi wa baiskeli aliyepo senta hakuwa nacho.

Ndiyo maana sera ikabadilika, kwanza mwaka 1991, kisha mwaka 2002. Sasa wananchi wanachangia gharama za uendeshaji na matengenezo. Mwaka 2019 Serikali ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Kijijini kunatakiwa kuwe na chombo cha wananchi cha kutoa huduma ya maji. Chombo hicho hukusanya fedha, hutunza mradi na hutoa hesabu.

Leo upo mradi mkubwa zaidi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, kuanzia Busega, Itilima na Bariadi. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulikubali kutoa ruzuku. Ujerumani inasaidia kupitia benki yake ya KfW. Serikali yetu nayo inatoa fungu lake. Ni jambo la kushukuru, maana mkoa huu ulikuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya 2022, na ukame tunaujua. Lakini bomba kubwa nalo lina nati. Lina koki. Lina bili ya umeme. Swali la Mayu linahusu bomba kubwa kama linavyohusu pampu ndogo.

NGITILI: MSAADA ULIOOTA MIZIZI

Sasa nitoe mfano uliofanikiwa, na ni wa hapa hapa kwetu.

Zamani Usukumani ilikuwa na miti na vichaka vingi. Miti ikakatwa. Mingine ilifyekwa ili kuua mbung'o, mingine ili kulima pamba, mingine kwa kuni. Mifugo ikaongezeka. Udongo ukabaki uchi. Ikafika miaka ya 1980, watu wakasema Shinyanga inageuka jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Norway ilisaidia fedha kwa miaka mingi. Wataalamu hawakuja na kitu kigeni tu. Waliwauliza wazee, "Ninyi zamani mlitunzaje malisho?" Wazee wakajibu, "Kwa ngitili."

Ngitili kila Msukuma anaijua. Ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa masika. Hufunguliwa kiangazi, ng'ombe wakapata chakula wakati wa shida. Mradi ukaijenga upya mila hiyo. Sheria ndogo zikatungwa na kijiji. Dagashida, yaani baraza la wazee, likatoa adhabu kwa mvunjaji. Sungusungu wakasaidia ulinzi.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta mia chache tu. Ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimefika hekta zaidi ya 300,000. Watu walipata malisho, kuni, nyasi za kuezekea, asali na dawa za miti. Mfadhili aliondoka. Ngitili nyingi zilibaki, kwa sababu zilikuwa za wenyewe tangu mwanzo. Fedha ya nje ilikuwa kama mbolea. Mbegu ilikuwa yetu.

MAJIRANI NAO WANASEMAJE?

Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumaliza masharti ya mpango wa msamaha wa madeni kwa nchi maskini, mwaka 1998. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imeanza elimu ya msingi bila ada. Hilo ni zuri. Lakini mwaka 2012 iligunduliwa kwamba fedha za misaada zilizokusudiwa kujenga upya Uganda ya Kaskazini baada ya vita ziliibiwa na watumishi wa Serikali. Ireland, Norway, Sweden na Denmark zikasimamisha misaada. Serikali ya Uganda ikalazimika kuirudishia Ireland Yuro milioni 4. Tazama basi: walioiba ni wachache, waliokosa ni wakimbizi waliorudi makwao, na aliyelipa ni mlipa kodi wa Uganda.

Kenya ilijenga reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 2017. Fedha nyingi zilikuwa mkopo kutoka China. Lakini huo haukuwa mkopo usio na riba kama ule wa TAZARA. Mpaka leo Wakenya wanabishana: je, reli italipa deni lake?

Burundi ilipata pigo mwaka 2016. Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada iliyokuwa ikipita moja kwa moja Serikalini, kwa sababu ya machafuko ya kisiasa. Nchi iliyotegemea sana misaada ikabaki katika dhiki.

Mbali zaidi, huko Asia, ziko nchi zilizokuwa maskini kama sisi. Korea Kusini ilipotoka vitani mwaka 1953 iliishi kwa misaada. Wakatumia misaada kusomesha watu na kujenga viwanda. Mwaka 2010 iliingia katika kundi la nchi zinazotoa misaada. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022, lilijengwa kwa mkopo wa Korea. Vietnam nayo iliharibiwa vibaya na vita. Mwaka 1986 ilianza mageuzi. Wakulima wa familia wakapewa nafasi ya kujiamulia kilimo chao. Nchi iliyokuwa ikinunua mchele ikawa inauza mchele nje ifikapo mwaka 1989. Leo Vietnam hununua korosho ghafi za Tanzania, inazibangua, kisha inaziuza kwa bei kubwa zaidi.

Hilo la korosho litupeleke kwenye pamba.

PAMBA YETU NA MISAADA YAO

Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania. Mkulima wa Bariadi analima, anapalilia, anapulizia dawa, anavuna, anapeleka chama cha msingi. Pamba inachambuliwa kiwandani. Kisha nyuzi nyingi zinauzwa nje ya nchi kabla ya kusokotwa. Huko zinakuwa kitambaa na nguo. Halafu nguo hizo zinaturudia, nyingine zikiwa mitumba.

Faida kubwa inabaki wapi? Inabaki pale nyuzi zinapogeuka nguo.

Tena liko jambo lingine. Nchi tajiri huwalipa ruzuku wakulima wao wa pamba. Wakulima hao hulima nyingi, na bei ya dunia hushuka. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipeleka malalamiko yao kwenye Shirika la Biashara Duniani. Brazil nayo iliishitaki Marekani kwa ajili hiyo hiyo, ikashinda.

Basi mtu anaweza kukupa mkono wa kulia na kukunyang'anya kwa mkono wa kushoto, hata bila kujua. Bei nzuri ya pamba ni bora kuliko gunia la msaada. Bei ni haki yako. Msaada ni hiari ya mwenzako.

MSAADA UNAPOKATIKA GHAFLA

Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje. Tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID, lililofanya kazi tangu 1961, lilifungwa rasmi. Shughuli zilizobaki zikahamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Nchi nyingi za Afrika zilishtuka, na Tanzania nayo ilishtuka, kwa sababu huduma nyingi za UKIMWI zilitegemea fedha hizo tangu mpango wa PEPFAR ulipoanza mwaka 2003.

Hapa nasema na ndugu zangu wanaotumia dawa. Usisikilize maneno ya gengeni. Usiache dawa kwa sababu umesikia ati zimekwisha. Nenda kituo chako cha afya, uliza mwenyewe, fuata tarehe yako ya kliniki.

Na sisi wasomaji wa magazeti ya vijijini tuna somo letu pia. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Tangu mwaka 1968 Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, ulisaidia mradi wa kisomo chenye manufaa katika kanda yetu ya Ziwa. Watu walijifunza kusoma kwa masomo ya kazi zao, kama vile pamba. Taifa zima likafanya kampeni. Ifikapo 1986 wasiojua kusoma walikuwa 10 tu katika 100. Kisha fedha zikapungua, madarasa mengi yakafa. Sensa ya 2012 ilionyesha wasiojua kusoma na kuandika wamekuwa kama 22 katika kila watu wazima 100. Hata kisomo ni kisima. Kisipotunzwa, hukauka.

SASA TUFANYE NINI?

Wahenga walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema usipokee cha ndugu. Walisema usikitegemee. Kwa hiyo mradi wa msaada ukija kijijini, tusimame katika mkutano na tuulize maswali haya:

1. Ni ruzuku au mkopo? Nani atalipa?
2. Nani ameuchagua mradi huu, sisi au wao?
3. Kipuri kinauzwa wapi, na kwa bei gani?
4. Ni nani kati yetu atafundishwa ufundi?
5. Fedha zitatunzwa na nani, na hesabu itasomwa lini mbele ya watu?
6. Wao wakiondoka, mradi utakuwa mikononi mwa nani, kwa maandishi?

Usiogope kuuliza. Mgeni mwema hachukii maswali. Anayechukia, mwangalie vizuri.

KISIMA KILE

Wiki moja baadaye nilirudi katika kile kijiji. Nilikwenda na fundi. Akafungua pampu, akatazama. Akasema mpira umekwisha na fimbo moja imekatika. Vipuri pamoja na kazi yake ni shilingi 180,000.

Mayu akamwambia kijana wake wa darasani, "Andika ubaoni." Kaya zinazotumia kisima ni 120. Wakagawanya. Kila kaya shilingi 1,500. Bei ya soda mbili!

Baba mzee akakuna kichwa. Akasema, "Yaani miezi minne tumechimba mchanga kwa ajili ya soda mbili?" Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Walichagua mweka hazina, mama aliyehitimu kisomo mwaka uliotangulia. Mwisho wa mwezi alisimama mkutanoni na daftari lake. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kaya 97 zimelipa. Jumla shilingi 145,500. Zimebaki kaya 23. Pungufu shilingi 34,500. Fundi amekubali kusubiri mpaka mauzo ya pamba. Maji yanatoka tangu juzi.

Katika zile kaya 23 wamo wajane wawili wasio na kitu. Wamo pia wenye ng'ombe wengi. Mkutano ulikubaliana mara moja kuwasamehe wajane. Kuhusu wenye ng'ombe, mabishano yalikuwa makali, na nilipoondoka yalikuwa hayajakwisha.

Nilipopita kisimani niliona mtu amechukua mkaa. Chini ya maandishi ya wafadhili yaliyofutika ameandika kwa herufi kubwa, za mtu anayejifunza: KISIMA CHETU.

MANENO MAGUMU

Ruzuku: fedha inayotolewa bila kurudishwa.
Riba: nyongeza unayolipa juu ya fedha uliyokopa.
Mfadhili: mtu au nchi inayotoa msaada.
Kipuri: sehemu ya mashine inayowekwa badala ya ile iliyoharibika.
Pato: jumla ya mapato ya mtu au nchi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja mradi mmoja wa msaada kijijini kwako. Je, unafanya kazi mpaka leo? Kwa nini?
2. Kaya 120 zikilipa shilingi 1,000 kila mwezi, zitakuwa na fedha kiasi gani baada ya mwaka mmoja? Fedha hizo zitunzwe wapi?
3. Kwa nini ngitili zilidumu, na pampu nyingi hazikudumu?
4. Wenye ng'ombe wasiolipa, je, wazuiwe kuchota maji? Toa sababu zako.